Jinsi ya Kuzisoma Mozaiki za Ravenna kwa Siku Moja

Wageni wengi ninaowaongoza Ravenna, mji wa kaskazini-mashariki mwa Italia, huingia kanisani, huinua macho, hupiga picha na kutoka baada ya dakika chache. Kuta wanazoziacha nyuma zilipambwa kwa mozaiki, yaani picha za vipande vidogo vya kioo na mawe, na watawala waliopokezana mji huu katika karne ya 5 na ya 6, na mmoja wao alifutwa ukutani na waliomfuata. Utaratibu ufuatao utakusaidia kuliona jambo hilo kwa macho yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Panga tiketi na saa. Treni kutoka Bologna huchukua muda unaozidi saa moja kidogo, nawe ukishuka utaweza kutembea kwa miguu hadi karibu kila mahali. Jimbo Kuu la Ravenna huuza tiketi moja inayofungua majengo kadhaa, lakini kaburi la Galla Placidia ni dogo mno, kwa hiyo huna budi kuchagua saa ya kuingia mapema. Chukua darubini ndogo, na uvae nguo inayofunika mabega na magoti.

Hatua ya 2: Anza na Galla Placidia. Mwaka 402 Kaisari Honorius alihamishia makao yake Ravenna, mji uliolindwa na vinamasi na uliokuwa na bandari jirani ya Classe. Galla Placidia alikuwa dada yake. Jengo linaloitwa kaburi lake ni la nusu ya kwanza ya karne ya 5, ingawa yeye mwenyewe alifia Roma mwaka 450. Muda utakaoruhusiwa kukaa ndani ni mfupi, kwa hiyo usianze kwa kupiga picha. Simama tu, uyaache macho yazoee mwanga hafifu unaopita kwenye madirisha ya alabasta, na baada ya muda mfupi utaona kuba la buluu nzito likijaa nyota za dhahabu. Kisha sogeza kichwa polepole kushoto na kulia. Nyota zitamemetameta, kwa sababu mafundi walivipachika vipande vya kioo kwa mkono, kila kimoja kikiinama upande wake, na dhahabu yenyewe ni karatasi nyembamba iliyobanwa kati ya matabaka mawili ya kioo.

Hatua ya 3: Ingia San Vitale, katika ua uleule. Kanisa hili la pembe nane lilitabarukiwa mwaka 547, miaka 7 baada ya majeshi ya Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, kuuteka mji kutoka kwa Wagothi, watu wa asili ya Kijerumani waliokuwa wakiitawala Italia. Nenda moja kwa moja kwenye madhabahu. Upande mmoja yupo Kaisari Justinian wa Bizanti akibeba patena, yaani sahani ya mkate wa ekaristi, na upande wa pili mkewe Theodora akibeba kikombe, ilhali Justinian hakuwahi kukanyaga Ravenna. Aliyeandikwa jina katika kundi lake ni Askofu Maximianus peke yake, na kwa maoni yangu huyo ndiye aliyefaidika zaidi na picha ile. Elekeza darubini kwenye pindo la vazi la Theodora: utawaona Mamajusi watatu wakipeleka zawadi.

Hatua ya 4: Tafuta mikono Sant'Apollinare Nuovo. Hapa usiwe na haraka. Kanisa hili lilijengwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi wa Mashariki, aliyekuwa Mkristo wa madhehebu ya Ario, yaliyofundisha kwamba Kristo hayuko sawa na Mungu Baba. Baada ya ushindi wa Bizanti lilikabidhiwa kwa Wakatoliki, na picha zilizomhusu mfalme na watu wake zikaondolewa. Ukishaingia, geukia ukuta wa kulia, karibu na mlango, ilipo picha ya jumba lililoandikwa PALATIUM. Kati ya nguzo zimening'inia pazia nyeupe zilizowekwa mahali palipokuwa na watu. Sasa zitazame nguzo zenyewe, moja baada ya nyingine: juu ya weupe wake imebaki mikono na vidole vya waliofutwa, kwa kuwa fundi hakutaka kuivunja nguzo nzima ili aondoe kiganja. Ndipo ufuate safu ya mashahidi 26 wanaotoka kwenye jumba hilo, na ile ya mabikira 22 iliyo ukutani mkabala nayo, ambayo inaongozwa na Mamajusi walewale uliowaona kwenye vazi la Theodora.

Hatua ya 5: Linganisha majengo mawili ya ubatizo. Mji una jengo la ubatizo la Wakatoliki na lingine la Waario. Kuba zote mbili zinaonyesha Kristo akibatizwa huku mitume wakimzunguka, na mto Yordani umechorwa kama mzee. Dakika chache zinatosha kwa kila moja.

Hatua ya 6: Kula, kisha panda basi kwenda Classe. Agiza piadina, mkate bapa wa eneo la Romagna unaofanana na chapati, wenye jibini laini liitwalo squacquerone. Kanisa la Sant'Apollinare in Classe liko kilomita chache nje ya mji na lina tiketi yake. Lilitabarukiwa mwaka 549. Juu ya madhabahu, msalaba umezungukwa na nyota 99, na kondoo watatu wanaoutazama kutoka malishoni ni Petro, Yakobo na Yohana. Kabla ya kuketi kuwatazama, hakikisha umejua saa ya basi la mwisho la kurudi mjini.