Kuchagua mchanga wa tangi la matumbawe: anza na punje, rangi baadaye

Wengi huchagua mchanga kwa macho: ukiwa mweupe na unang'aa, umenunuliwa. Lakini ukishalala chini ya maji ya chumvi, kuubadilisha ni kutibua tangi zima. Bora uamue mapema, na kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Nani ataishi chini?
Gobi (samaki mdogo wa chini) wa jenasi ya Valenciennea hula kwa kubugia mchanga, kuuchuja, kisha kuutolea kwenye matamvua. Huyo anataka punje laini zisizo na ncha. Samaki wengi wa Halichoeres hujizika usiku, kwa hiyo wape kina cha sentimita 5 hivi. Kamba mchimbaji, yule anayeishi shimo moja na gobi, anahitaji mchanga uliochanganywa na vipande vya matumbawe mafu, maana shimo la mchanga mtupu huporomoka.

Hatua ya 2: Linganisha punje na mkondo
Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Mchanga wa chini ya milimita 1 unapendeza, ila pampu kali huupeperusha, ukajaa pembe moja na kuacha kioo kitupu upande wa pili. Mbaya zaidi, huyaangukia matumbawe na kuyachubua. Kama unapanga kufuga matumbawe ya Acropora, yanayotaka maji yaendayo kasi, uache mchanga huo. Changarawe ya milimita 3 na zaidi haipeperuki, lakini mabaki ya chakula hudumbukia katikati ya punje, yakaoza, na nitreti (zao la uozo huo) ikapanda. Utalazimika kuinyonya kwa mpira kila unapobadilisha maji. Kwa anayeanza, mimi nasema milimita 1 hadi 2, na asihangaike zaidi.

Hatua ya 3: Umetokana na nini?
Unaotumika sana ni aragoniti, aina ya kalsiamu kaboneti. Asili yake ni mifupa ya matumbawe, magamba na mwani wenye chokaa. (Mwingi wa ule mweupe wa kwenye miamba ya matumbawe umepitia tumboni mwa pono: huyo tunayemsifia usingizi, mchana kutwa anasaga miamba.) Ujaribu kwa siki: mimina kidogo juu ya mchanga mkavu. Ukitoa mapovu, una kaboneti. Ukinyamaza, huenda ni silika, madini ya mchanga wa kawaida.

Usiamini kwamba aragoniti itakushikia pH ya 8.2. Katika pH hiyo haiyeyuki kwa kiasi cha maana, kwa hiyo kalsiamu na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) utaendelea kupima na kuongeza mwenyewe. Mchanga mweusi upitishie sumaku. Punje zikinasa, usiuweke. Wa ufukweni nao uache: unaweza kubeba mafuta na taka usizoziona, na sehemu nyingi kuuchukua ni kosa.

Hatua ya 4: Kiasi
Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita. Kila lita ni takriban kilo 1.5. Sakafu ya 90 kwa 45 yenye kina cha sentimita 4 ni lita 16.2, yaani kilo 24 hivi.

Hatua ya 5: Kuosha na kuweka
Mkavu uoshe hadi maji yatoke safi, suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyochujwa kwa RO (kichujio cha osmosisi kinyume). Mawe yatangulie, yakae juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga uyazunguke. Ukiyaweka juu ya mchanga, mchimbaji mmoja tu atayaangusha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ni lazima ninunue mchanga hai?*
Si lazima, ndugu. Mkavu huwa hai wenyewe bakteria wakihamia kutoka kwenye mawe. Ukinunua ulio hai, usiuoshe, na pima amonia kabla ya kutia samaki, kwa sababu viumbe vilivyofia mfukoni huoza.

*Kina cha sentimita 10 kinapunguza nitreti kweli?*
Kinaweza. Chini kusikofika oksijeni, bakteria hugeuza nitreti kuwa gesi ya nitrojeni. Sharti punje ziwe laini, wawepo minyoo na konokono wa kuutifua juu, na wewe usiuchimbue: huko chini hujengeka haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai viza, na ni sumu. Tangi dogo halifai mpango huu.

*Dada, wangu umefunikwa na utando wa kahawia, na tangi bado jipya. Niutoe?*
Hapana. Hizo ni diatomu, mwani mdogo sana unaojenga ganda lake kwa silika; karibu kila tangi jipya huzipata, hata lenye aragoniti tupu. Mara nyingi silika hutoka kwenye maji ya bomba, si kwenye mchanga. Kagua kichujio chako cha RO, ongeza konokono wa kusafisha, subiri wiki chache.

*Na nisipoweka mchanga kabisa?*
Inawezekana, na kwa wapenzi wa mkondo mkali ni nafuu sana kusafisha. Ila Halichoeres wako atakosa pa kulala.