Jinsi ya kubadili Siku ya Columbus mjini kwenu

Kwanza jueni nani ana mamlaka. Siku ya Columbus, sikukuu ya kitaifa ya Marekani ya kumkumbuka baharia Christopher Columbus, Jumatatu ya pili ya Oktoba, imo katika sheria ya Kongresi, na baraza la mji haliwezi kuigusa. Linaweza kubadili jina ndani ya mji, kama Berkeley, mji wa California, ilivyofanya mwaka 1992 kwa kuiita Siku ya Wenyeji Asilia.

Azimio hupita haraka, lakini mara nyingi ni maneno matupu: kalenda ya mapumziko hubaki vilevile. Afadhali sheria ndogo, inayotaja kifungu kinachofutwa na maneno yanayokirithi. Kisha pekueni mikataba ya wafanyakazi. Ikiwa mapumziko yenye malipo yameandikwa “Siku ya Columbus”, kufuta jina tu kutazua ugomvi wa mishahara.

Kabla ya kuandika rasimu, nendeni kwa mabaraza ya makabila ya wenyeji asilia; jina walichague wao. Wamarekani wenye asili ya Italia nao msiwaruke. Tangazo la Rais Harrison la 1892, lililoitisha maadhimisho ya Columbus nchi nzima, lilikuja mwaka mmoja baada ya watu 11 wa asili yao kuuawa na umati huko New Orleans, kwa hiyo wengi hawamtetei Columbus mwenyewe, bali heshima ya jamii yao. Wapeni pendekezo la tarehe nyingine mapema, si usiku wa kura.