Nanga Ishike Mchanga, Isinase Mwamba

Nanga kushika na nanga kunasa ni vitu viwili. Ikishika, makombe yake, yaani zile kucha za chini, yamejizika mchangani, na kadiri boti inavyovuta ndivyo yanavyozidi kuzama. Ikinasa, kombe moja limeingia kwenye ufa wa jiwe na linakaa hapo kwa bahati tu: upepo ukigeuka linachomoka bila kukuaga, au linakatalia humo mpaka unaikata kamba. Kwa maji yetu ya Mombasa, kuanzia Shelly Beach upande wa Likoni hadi Nyali, Bamburi, Shanzu na Mtwapa, mwamba wa matumbawe umekwenda sambamba na pwani na maji ya ndani yake ni machache. Kazi yote ya kutia nanga hapo ni kutafuta mchanga.

Tumbawe lenyewe halihimili chuma. Yale ya matawi yakipata nafasi hurefuka sentimita kadhaa kwa mwaka, pengine 10 au zaidi. Yale ya mviringo, makubwa kama gari dogo, huongezeka sentimita 1 hivi. Mnyororo unaozunguka juu yake kutoka maji kupwa hadi kujaa hufagia kilichokua kwa miaka mingi. Joto la bahari la 1998 lilikwisha kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na yaliyobaki au kurudi ndiyo wanamojificha changu, tafi na pono.

Vyombo vya kazi

Kwa boti ya faiba ya mita 6 hadi 8, nanga ya kilo 7 hadi 10 inatosha. Shida iko kwenye umbo. Nanga ya makombe manne, ile inayotengenezwa na fundi wa kuchomelea kwa nondo, ni ya bei nafuu na imezoeleka, lakini imeundwa kunasa. Mchangani hukwaruza tu kama reki, na ikinasa mwambani ama tumbawe linavunjika ama nondo inanyooka. Ibebe kama akiba. Kwa mchanga tumia nanga ya jembe, au ile ya mabamba mawili yanayopinduka. Hii ya pili hushika sana kuliko uzito wake, ila maji yakigeuka inaweza kung'oka na isijizike tena.

Mnyororo uwe wa milimita 8, na urefu wake usipungue urefu wa boti. Unafanya kazi mbili: uzito wake huilaza nanga ivutwe kwa ulalo badala ya kwenda juu, na haukatwi na jiwe. Kamba tupu ikisuguana na mwamba, usiku mmoja unatosha kuimaliza. Baada ya mnyororo fuata nailoni ya milimita 12, mita 50. Nailoni huvutika na kumeza mishtuko ya mawimbi. Ile kamba ya plastiki ya bluu au ya kijani huelea, na ikilegea inakwenda moja kwa moja kwenye rafadha.

Kiungo cha nanga na mnyororo kina pini ya kukaza. Pini hiyo hujifungua yenyewe kwa kutikiswa, kwa hiyo ipitishie waya wa chuma, uzungushe mara tatu, ukunje ncha. Usitumie waya wa shaba: shaba na chuma vikikutana katika maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholika. Na ule mwisho wa kamba ulio ndani ya boti ufungwe kabla hujatia nanga. Ni jambo la kitoto, lakini nanga nyingi zimekwenda na kamba yake nzima kwa kusahau hilo.

Tia pia kamba ya kung'olea: kamba nyembamba ya milimita 6 hadi 8, iliyofungwa nyuma ya nanga, pale makombe yanapokutana na mpini, na juu yake kidude cha kuelea. Urefu wake uwe sawa na kina cha maji yakijaa, na mita moja au mbili za ziada.

Maji kwanza

Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti inaweza kukaribia mita 4. Maji mafu, yaani siku za kati ya bamvua mbili, tofauti ni ndogo sana. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi na kujaa kwenye saa kumi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Hayapandi kwa mwendo mmoja pia. Yagawe mara kumi na mbili: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yakiwa ya kupanda mita 3.6, ina maana saa ya tatu na ya nne peke yake zinaleta mita 1.8. Ndiyo maana boti iliyolala vizuri wakati nahodha anakunywa chai huanza kuburura kabla hajamaliza kula.

Sasa hesabu ya kamba. Umefika maji yamepwa, bildi, ile risasi ya kupimia kina kwa kamba, inasema mita 3. Maji yatapanda mita 3.5. Omo yako, yaani ncha ya mbele ya boti, iko mita 1 juu ya maji. Jumla mita 7.5. Zidisha kwa 5, upate karibu mita 38 za kamba na mnyororo pamoja. Hali ikichafuka zidisha kwa 7. Anayepima kina cha mita 3 tu na kuachia mita 15 atashangaa saa kumi alasiri, maana kamba imekuwa mara mbili tu ya urefu wa kushuka na inainyanyua nanga kama ndoo kisimani.

Kinyume chake ni kibaya vilevile. Ukifika maji yamejaa na kina ni mita 5, ondoa 3.5: zitabaki mita 1.5, na kichwa cha tumbawe cha mita moja ambacho hukukiona kitakuwa kinakungoja chini ya injini. Kwa hiyo pima duara lote utakalozunguka, si pale nanga ilipo tu. Kamba ya mita 38 na boti ya mita 7 ni mita 45 kila upande. Mchanga mweupe wa ukubwa huo ndani ya mwamba si rahisi kuupata. Ukiukosa, usikate kamba kuwa fupi, hama.

Kuusoma mchanga

Ingia jua likiwa juu na liko nyuma yako, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na uwe na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Mchanga ni mweupe au kijani cha kung'aa. Bluu ya kukolea ni kina. Kahawia na weusi ndio wa kuangalia: tumbawe lina kingo zilizokatika na madoadoa ya manjano, nyasi za bahari zina kingo laini na mara nyingi huonekana zikiyumba. Nyasi nazo si mahali pa nanga. Makombe hujaa mizizi yakateleza, na shimo linalobaki halizibiki upesi. Wingu likipita, simamisha boti mpaka lipite.

Mashine ya kupimia kina inakwambia mita, lakini zile za bei ndogo hazikwambii kwa uhakika chini kuna nini. Hapo bildi haina mpinzani. Chukua risasi ya nusu kilo hadi kilo moja yenye kitako kilichobonyea kidogo, ujaze grisi au sabuni ya kipande. Kamba yake itie fundo kila pima, yaani mita 1.8 hivi. Ishushe, igongeshe chini mara mbili, uivute, utazame kitako. Chembe za mchanga zimeganda: tia nanga. Tope la kijivu: pazuri pia, na ndilo utakalokutana nalo zaidi ndani ya hori za Tudor na Mtwapa. Sabuni imechubuka au ina vipande vyeupe: ni mwamba. Sabuni safi kabisa: jiwe tupu au nyasi, rudia hatua chache mbele. Mkono nao husikia. Kwenye mchanga risasi hutua kama gunia. Kwenye mwamba hugonga.

Kuitia

Fahamu kwanza kama utakabili upepo au mkondo, kwa kuangalia boti nyingine zilizolala zimeelekea wapi. Nenda polepole ukiukabili, mpaka omo iwe juu ya mchanga, mbele kidogo ya pale unapotaka nanga itue. Nahodha abaki kwenye usukani, baharia awe omo, na mkubaliane ishara za mikono mapema, kwa sababu kelele za injini na upepo haziachi mtu kusikia.

Boti ikisimama kabisa, shusha nanga kwa mkono mpaka iguse chini. Usiirushe: ikirushwa mnyororo huiangukia na kujizungusha kwenye makombe. Acha boti irudi nyuma yenyewe huku ukiachia kamba kidogo kidogo ili mnyororo ulale mstari mmoja. Ukifika theluthi ya kamba, ishike kidogo nanga ianze kuuma, kisha endelea kuachia hadi urefu uliohesabu. Funga, halafu tia rivasi ya taratibu, uongeze nguvu kidogo kidogo kwa nusu dakika.

Weka mkono juu ya kamba mbele ya omo. Ikikaza na kutulia, imeshika. Ikitetemeka, ikilegea, ikakaza tena kwa vishindo, nanga inaruka juu ya mawe. Ing'oe, uanze upya. Kuongeza kamba juu ya mawe hakutakusaidia. Kisha chagua alama mbili nchi kavu zilizopangana, kama mnazi mbele na mnara wa simu nyuma yake. Zikiachana huku boti haijageuka, unaburura. Kama maji ni maangavu, vaa miwani ya kuzamia ukaitazame kwa macho. Dakika tano hizo ndizo kipimo cha kweli.

Kuna hitilafu moja inayowapata hata wazoefu. Mkondo ukigeuka, boti huzunguka na mnyororo hujikunja kwenye kichwa cha tumbawe. Kuanzia hapo nanga yako ni lile tumbawe, na kamba ya mita 38 imebaki 10. Maji yanapopanda, omo inavutwa chini na kila wimbi linapiga kishindo. Dawa ni kuelea: funga boya dogo pale mnyororo unapokutana na kamba, na lingine mita 3 au 4 juu yake. Mnyororo wa karibu na nanga ubaki umelala mchangani, lakini kamba ipite juu ya vichwa. Mtungi wa lita 5 wenye kizibo kilichokazwa unaifanya kazi hiyo. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, fahamu pia kwamba mwamba unakukinga maji yakipwa tu. Bamvua likijaa, mawimbi ya nje yanavuka na kuingia ndani.

Penye boya, funga boya

Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa 1986 na kusimamiwa na KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, ukikuta boya la kufungia usitie nanga. Liendee ukikabili mkondo, pitisha kamba yako mwenyewe kwenye kitanzi chake, uirudishe omo. Iachie mita kadhaa, maana kamba fupi hunyanyua boya na kung'oa kilicho chini. Kagua kitanzi kabla ya kukiamini. Njia ya feri ya Likoni na lango la Kilindini hazina nafasi ya nanga ya boti ndogo, na sehemu za nyaya za chini ya bahari zimechorwa kwenye ramani. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliukata kwa nanga TEAMS, waya wa intaneti wa chini ya bahari, na intaneti ikawa ya konokono.

Kung'oa

Sogea mbele taratibu huku kamba ikikusanywa, mpaka iwe wima. Nanga iliyo mchangani huachia hapo. Ikikataa, usiivute kwa injini kwa ulalo: utavunja tumbawe, au utapasua kifungio cha omo. Tumia kamba ya kung'olea, uivute kutoka upande wa pili. Ikishindikana, mzamiaji ashuke injini ikiwa imezimwa. Kufunga kamba fupi ungoje maji yaiinue ni hatari kwa boti ndogo, kwani maji hayajui kuacha.

Ikifika juu, isome kabla ya kuisuuza. Mchanga kwenye makombe ni habari njema. Mizizi inasema ulikuwa kwenye nyasi. Ukikuta unga mweupe na vipande vidogo ndani ya pete za mnyororo, umelala juu ya tumbawe usiku kucha, hata kama boti haikusogea.