Wataka kupiga hamonika ya blues na uko Mombasa? Anza hivi

Kwanza mtafute Fabio Treves, mpiga hamonika, mtandaoni umsikize, manake watu wakisikia blues (muziki wa Wamarekani weusi) wanadhani ni lazima uwe Mmarekani. Huyu mzee ni Mtaliano, kazaliwa Milan 1949, mtaa wake Lambrate, ndo maana wakambandika jina Puma wa Lambrate. Treves Blues Band aliianzisha 1974, 1988 akapanda stejini na Frank Zappa, na 2016 bendi ile ile ikamfungulia Bruce Springsteen (wote wawili ni wanaroki wakubwa wa Marekani) kule Roma, yani miaka 42 na kazi yasonga. Mie nampendea kuwa hana pupa.

Sasa kununua. Zile za safu mbili za matundu zinazotetemesha sauti achana nazo, ni nzuri lakini si za blues. Wataka ya matundu 10, ufunguo wa C, na mwili wa ndani uwe plastiki, manake mbao na mate na hili joto letu, yavimba inakukwaruza midomo.

Halafu hapa ndo wengi hupotea: hamonika ya C kwenye blues huipigi wimbo wa ufunguo wa C, waipiga wa G. Mpiga gita akisema tuko G wewe shika C, akisema E shika A. Kwa nini? Kwa sababu noti tamu za kubendi (kuishusha sauti kwa mdomo na ulimi) huku chini ni za kuvuta pumzi, matundu 1 mpaka 4 na la 6, kwa hivo blues nyingi wavuta kuliko kupuliza.

Kubendi anza na tundu la 4. Kaza mdomo kama wapiga mluzi ushike tundu moja tu, vuta polepole, mdomoni fanya "ii" afu uisogeze iwe "uu", ulimi urudi nyuma, utasikia sauti yashuka nusu noti. Isiposhuka usivute kwa nguvu! utaharibu vile vijilimi vya shaba vya ndani (kodiani ya taarab pia yatumia vijilimi vya aina hiyo, ni ndugu hawa). Tundu la 3 lashuka mpaka noti moja na nusu, ni gumu, liwache mwanzo.

Ukishapata, piga baa 12 (baa moja ni mapigo manne): nne za G, mbili C, mbili G, moja D, moja C, mbili G. G ni vuta 2, C puliza 4, D vuta 4. Piga mguu chini usipotee.

Na tafadhali, ukitoka kula kaimati au mabuyu suuza mdomo kwanza, sukari hugandisha vijilimi. Ukienda kufanyia mazoezi Lighthouse, pale kando ya bahari (jirani zako watashukuru), ukimaliza ikung'ute kiganjani matundu yakiangalia chini, ifute upepo wa chumvi, iwache ikauke ndo uirudishe kiboksini, la sivyo skrubu zitashika kutu.