Ukimuuguza ndugu Uingereza, chunga kikomo cha kipato

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha mnaoishi Uingereza, haya yanamhusu yule ambaye mume, mke au mzazi wake ameanguka kwa kiharusi au maradhi mengine, naye akawa ndiye anayemwogesha, anayempa dawa na anayeamka usiku, bila mshahara. Msaada upo, na wengi wetu hatuuombi kwa sababu tumelelewa tukijua kuuguza ni wajibu wa nyumbani. Lakini ndani ya msaada huo kuna mtego ulioninasa nilipokuwa nikimuuguza mume wangu, na ndio nitakaoueleza kwa kirefu.

Hatua za kawaida si ngumu. Daktari wa familia akuandikishe kuwa unauguza. Iombe halmashauri ikufanyie tathmini ya mahitaji yako wewe. Kwa England, sheria ya huduma ya mwaka 2014 inailazimu kuifanya bila kujali kipato chako. Kazini, tangu tarehe 6 Aprili 2024, una haki ya likizo ya kuuguza ya wiki moja kwa mwaka, bila malipo, kuanzia siku ya kwanza ya ajira. Kabla ya yote isome viza yako: ikisema huruhusiwi kutumia fedha za umma, usiombe posho ninayoieleza hapa chini, maana utakuwa umevunja masharti. Tathmini ya halmashauri haihesabiwi kuwa fedha za umma, hivyo hiyo usiiogope.

Posho yenyewe, ya anayeuguza, inaitwa Carer's Allowance. Ni lazima uwe unamuuguza mtu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki, na mgonjwa awe anapokea fao linalotambuliwa, kwa mfano Attendance Allowance (fao la anayehitaji kuhudumiwa) kwa aliyefikia umri wa pensheni, au PIP (fao la wagonjwa na wenye ulemavu), sehemu ya mahitaji ya kila siku, kwa aliye chini ya umri huo. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 posho ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, na mshahara wako baada ya makato haukutakiwa kuzidi pauni 196 kwa wiki. Viwango hubadilika kila Aprili, kwa hiyo hakikisha unasoma vya mwaka wako.

Sasa nisikilizeni. Ukizidisha kikomo hicho kwa pauni moja, hawakukati pauni moja, bali unapoteza posho yote ya wiki hiyo. Aliyezidisha pauni moja kila wiki kwa mwaka mzima amepata pauni 52 za ziada, na anadaiwa pauni 4,331.60.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya muda katika nyumba ya wazee, ambako zamu hazitabiriki: mwenzako anaugua unaombwa ubaki, kisha hati ya mshahara ya Desemba inakuja na malipo ya likizo yaliyorundikwa pamoja. Niliipigia simu ofisi inayolipa posho nikaeleza, nikajibiwa kwamba taarifa imepokelewa, na posho ikaendelea kuingia. Baada ya muda mrefu ikaja bahasha ya kaki yenye deni la miezi yote kwa mkupuo, na nilipoitaja ile simu nikaambiwa haionekani popote. Ofisi hiyo hupata taarifa za mishahara yetu kutoka mamlaka ya kodi, lakini haikunistua mapema. Sikuwa peke yangu. Mapitio huru ya madeni ya posho hii yaliyoongozwa na Liz Sayce, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha kwamba mwongozo wa kukokotoa wastani wa kipato kinachopanda na kushuka ulikuwa na kasoro, na serikali ikakubali kuangalia upya madeni ya nyuma. Mwenye deni la namna hiyo asilipe kimyakimya. Ukipata barua ya uamuzi, omba kwa maandishi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja.

Narudia: andika. Simu haitoshi. Nyumbani ukishamweleza mtendaji wa kata, kesho ukirudi anaikumbuka sura yako. Huku kila simu inapokelewa na mtu mwingine, na kisichoandikwa hakikusemwa. Tunza kila hati ya mshahara. Kabla ya kukubali zamu ya ziada piga hesabu, ukitoa kodi, bima ya taifa, nusu ya mchango wako wa pensheni, na malipo ya mtu asiye ndugu wa karibu anayekaa na mgonjwa ukiwa kazini, hadi nusu ya kipato chako.

Na nyinyi wifi zangu wa Moshi, kwa upendo kabisa: serikali hainilipi mshahara wa kumkalia kaka yenu. Pauni 83.30 kwa saa 35 ni chini ya pauni mbili na nusu kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara mwaka huo kilikuwa pauni 12.21. Mnapohimiza mchango wa kipaimara na kusema niongeze zamu moja tu, zamu hiyo inaweza kuifuta posho ya wiki nzima.

Waingereza humsifu sana anayeuguza, lakini jirani ataacha kadi mlangoni asiingie, wakati kwetu Kiborloni, Moshi, angekuja na chungu cha mtori akakaa na mgonjwa ili wewe ulale. Naiona hiyo kuwa kasoro kubwa ya jamii hii. Hata hivyo, walionifundisha hesabu ya kikomo ni wanawake wa Kiingereza wa kikundi cha wanaouguza mtaani kwetu, nao walinipa muda wao bila haraka. Vitafuteni vikundi hivyo. Mashirika ya hisani Carers UK na Citizens Advice nayo hutoa ushauri bure.

Ukipanga kwenda nyumbani Krismasi bila mgonjwa wako, posho inaweza kuendelea hadi wiki nne. Wape taarifa kwa maandishi kabla ya kukata tiketi, na nakala ya barua hiyo ubaki nayo.