Kubadilisha AC ya nyumbani: kazi kubwa iko kwenye mabomba

Kabla hujatoa hela ya mashine mpya, hakikisha ya zamani imekufa kweli. Feni ya nje ikizunguka huku kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikinguruma kidogo na kukata, mara nyingi kilichoharibika ni kapasita, kifaa kidogo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza, na hiyo fundi huibadilisha kwa nusu saa. Maji yakichuruzika ukutani ndani ya chumba, bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Hayo hayahitaji mashine mpya.

Kompresa iliyoungua ni habari nyingine. Vivyo hivyo mapezi ya nje, yale mabati membamba yanayotoa joto, yaliyogeuka unga kwa chumvi ya bahari, na mashine inayovuja ya R22, gesi ya kupozea ya AC za zamani. R22 inaondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal, makubaliano ya kimataifa ya kulinda tabaka la ozoni: nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimepunguza matumizi ya gesi za kundi lake (HCFC) kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030. Kuijaza kila baada ya miezi michache ni kumwaga fedha hewani. Na tuliweke wazi, kwa sababu watu wengi wa Dar es Salaam na Mombasa wanalipia jambo hili kila mwaka: AC haili gesi. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, pana tundu, na tundu ndilo la kutafutwa kwanza.

Mwongozo huu ni wa AC ya vipande viwili, cha ndani na cha nje, ambayo ndiyo iliyomo katika nyumba nyingi za Pwani. Kazi ya gesi ifanywe na fundi mwenye vifaa, ila wewe mwenye nyumba simama pale ukijua kinachotakiwa kutokea.

Ukubwa

Kwa chumba chenye dari ya mita 3 hivi, anza na BTU 650 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kila mita ya mraba. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 kinatoka 7,800, hivyo mashine ya 9,000 inatosha. Sebule ya mita 5 kwa 6 inatoka 19,500: ya 18,000 itafaa ikiwa kuna mapazia mazito na kivuli, lakini kama madirisha yanatazama magharibi, au juu kuna mabati tu bila sufi ya kuzuia joto, chukua ya 24,000. Usipitilize. Mashine kubwa mno inafikisha baridi upesi, inapumzika kabla haijakausha hewa, na chumba kinabaki baridi lakini chepechepe, nguo kabatini zinashika ukungu.

Mashine ya inveta ina faida ya kweli ikiwaka saa nyingi, usiku kucha kwa mfano, kwa sababu inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Kwa chumba cha wageni kinachotumika mara mbili kwa mwezi, ya kawaida inatosha. Tukiishi karibu na bahari, tunaangalia pia kama mapezi ya nje yamepakwa rangi ya kuzuia kutu.

Kutoa ya zamani

Usikubali gesi iachiliwe hewani. Inaongeza joto la dunia, na aina kama R22 huharibu pia tabaka la ozoni, na pia inamchoma fundi ngozi kwa baridi. Kama kompresa bado inafanya kazi, gesi hurudishwa kwenye mashine ya nje hivi: washa AC kwenye baridi, unganisha geji ya shinikizo, funga valvu ya bomba jembamba, subiri mshale ukaribie sifuri, funga valvu ya bomba nene, na uzime umeme papo hapo. Kuchelewa kuzima ni hatari, kwa sababu kompresa inaweza kuvuta hewa ya nje, na hewa ikibanwa pamoja na oili na gesi inaweza kulipuka. Ndiyo maana mashine yenye tundu haifanyiwi hivi kamwe. Hiyo, pamoja na ile ambayo kompresa yake imekufa, inahitaji mashine maalumu ya kunyonya gesi na mtungi wake.

Zima breka ya AC na upime kwa testa kabla ya kugusa waya wowote. Kisha fungua nyaya, mabomba, mashine ya nje, na mwisho ya ndani.

Mabomba ya zamani: yatolewe

Hapa ndipo fundi wengi hutaka kuokoa muda, na hapa ndipo mashine mpya huuawa. R22 ilitumia oili ya madini. R32 na R410A, gesi za mashine mpya, hutumia oili ya sintetiki inayonyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi. Unyevu huo hutengeneza asidi, na asidi hula waya za kompresa polepole. Tena shinikizo la gesi hizi mbili ni karibu mara 1.6 ya R22, hivyo bomba lililochakaa hupasuka kwenye kona. Kama mabomba yamezikwa ukutani na hayawezi kutoka, pitisha mapya kwa nje ndani ya mfuniko wa plastiki. Haipendezi sana machoni, lakini ni salama.

Nunua shaba yenye unene wa milimita 0.8. Kwa 9,000 na 12,000 BTU za R32, kwa kawaida ni robo inchi na 3/8. Kwa 18,000 ni robo na nusu inchi. Kwa 24,000 bomba nene huwa 5/8. Kibandiko cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Kila bomba livikwe sponji yake peke yake, hata lile jembamba, na ncha zizibwe kwa tepu hadi dakika ya kuunganisha. Wakati wa masika usifungue mabomba mvua ikinyesha.

Kufunga

Mashine ya ndani ikae sawasawa kwa pima maji, na juu yake ibaki nafasi ya sentimita 15. Tundu la ukutani liinamie nje kidogo. Bomba la maji lishuke walau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda popote. Mimina lita moja ya maji kwenye trei na uone yakitoka nje kabla hujafunika kitu.

Mashine ya nje inahitaji sentimita 30 nyuma na mita 2 wazi mbele. Kuificha kwenye kibanda ili isionekane ni kuilazimisha kupumua joto lake yenyewe. Breketi na bolti ziwe za chuma kilichopigwa zinki au kisichoshika kutu.

Mdomo wa bomba unaopanuliwa kama tarumbeta ndio chanzo cha mivujo mingi. Kata kwa kikata bomba, si kwa msumeno. Toa ncha kali huku bomba likiinamia chini ili unga wa shaba usiingie, valisha nati kwanza, kisha panua. Paka mgongoni mwa mdomo huo oili kidogo inayofaa gesi ya mashine yako. Kaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza (Nm): robo inchi Nm 14 hadi 18, 3/8 Nm 34 hadi 42, nusu inchi Nm 49 hadi 61, 5/8 Nm 68 hadi 82. Kukaza kwa hasira hupasua mdomo, na ufa huo huonekana baada ya miezi.

Nitrojeni, kisha vakyumu

Ili kutafuta mivujo, jaza nitrojeni kavu kwa hatua: bar 5, kisha 15, kisha kiwango kilichoandikwa kwenye mashine. Acha nusu saa, pakaa povu la sabuni kila kiungo. Usitumie oksijeni hata mara moja: ikikutana na oili ndani ya bomba hulipuka.

Baada ya hapo, vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote mabombani. Fundi anayefungua gesi kidogo "kusukuma hewa nje" anakuachia unyevu wa Pwani ndani. Pampu inyonye hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha shinikizo dogo sana lililobaki), kwa geji ya maikroni, si ile ya mishale, ambayo haiwezi kuona tofauti hiyo. Kwa kiwango hicho maji huchemka na kutoka hata bila joto. Funga valvu ya pampu, ngoja dakika 10. Kipimo kikipanda kidogo na kutulia, bado kuna unyevu, endelea kunyonya. Kikipanda bila kusimama, kuna tundu.

Ndipo ufungue valvu za mashine ya nje, taratibu, bomba jembamba kwanza. Gesi ya kiwandani kwa kawaida inatosha urefu uliotajwa kwenye kibandiko, mara nyingi mita 5 au 7.5. Ukizidi, ongeza gramu kwa kila mita kama kilivyoandikwa, kwa mzani. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo pasiwe na mwali wala sigara, na madirisha yawe wazi.

Umeme

Laini yake peke yake kutoka kwenye breka: waya wa 2.5 mm² na breka ya ampea 16 au 20 kwa mashine hadi 18,000. 4 mm² kwa 24,000. Waya wa ardhi ni lazima. Waya kati ya ndani na nje usiwe na kiungo, na namba zilingane upande huu na ule, kwani kubadilisha N (waya wa nyutro) na waya wa mawasiliano kunaweza kuunguza bodi. Weka kilinda umeme kinachochelewesha kuwaka dakika 3 umeme unaporudi. Ziba tundu la ukutani na matundu ya nyaya: mijusi na sisimizi huingia kwenye bodi ya nje na kusababisha shoti.

Kukagua kabla hujamlipa

Washa nyuzi 18, feni juu kabisa, subiri dakika 20. Hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12. Ampea zisizidi za kibandiko. Bomba nene likitoa jasho ni sawa, lakini barafu kwenye valvu ndogo ni dalili ya gesi pungufu au njia iliyoziba. Uliza pia namba iliyosomwa kwenye geji ya maikroni, uiandike pamoja na tarehe nyuma ya kadi ya garantii.

Osha vichujio kila wiki mbili. Mashine ya nje imwagiwe maji baridi ya bomba kila mwezi ukiwa karibu na bahari, umeme ukiwa umezimwa, kwa mkondo mpole usiopinda mapezi.