SOMO: Kuongoza wageni wasiojua farasi msimu wa kaskazi, pwani ya Bagamoyo

Somo hili ni la wanaotangulia msafara: saisi (mtunza farasi) aliyepandishwa cheo, mwenye farasi wawili watatu anayepokea wageni, kijana anayejifunza kazi. Kupanda kwenyewe sifundishi hapa. Nazungumzia Desemba hadi Machi, mchana unapofika nyuzi 32 na shati linakulowa hata ukiwa umekaa kitini.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane kuhusu jasho. Farasi hujipooza kwa jasho kama sisi, ila misuli yake inazalisha joto jingi mno kwa ngozi aliyonayo. Na jasho halipoozi kwa kutoka, linapooza kwa kukauka. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho linabaki pale pale kama kanga iliyoanikwa siku ya masika, kisha linadondoka mchangani bure. Farasi anayefanya kazi ya nguvu kwenye joto anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa, tena na chumvi nyingi kuliko jasho letu. Mgeni aliye juu yake haya hayajui. Anaona farasi ameloa chepechepe, anadhani anapoa.

Halafu anayeanza ni mzito kuliko mizani inavyosema. Anarukaruka kwenye tandiko, anabana magoti, anajishikilia kwa hatamu. Farasi anambeba yeye na anabeba pia makosa yake.

Hatua ya 1: Panga saa kwa jua na kwa maji

Saa nzuri ni macheo. Unyevu wakati huo uko juu kabisa, lakini jua halijaanza kuchoma, na jua ndilo linalomaliza watu. Msimu huu linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu. Farasi wawe wamerudi kivulini kabla ya saa mbili na nusu.

Sasa bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, usiku na mchana. Ukitoka macheo siku hizo maji yanashuka na mchanga mgumu unafunguka mbele yako. Ukitoka saa kumi na moja jioni utakuta bahari imepanda hadi kwenye mchanga laini wa juu, na huo humchosha farasi upesi sana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: asubuhi maji yanapanda, jioni ndiyo nafuu. Kila siku saa zinasogea kama dakika 50, kwa hiyo muulize mvuvi jana yake, usikisie.

Hatua ya 2: Farasi

Maji usiku kucha, ndoo isikauke. Chumvi ya mawe iwepo bandani, na siku za kazi ongeza chumvi ya kawaida kwenye pumba. Asubuhi tazama ufizi: ubonyeze kwa kidole, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Vuta ngozi ya shingo, irudi mara moja. Asiyepita hapa anabaki nyumbani, hata kama mgeni ameshalipa.

Hatua ya 3: Wageni

Waulize uzito bila aibu. Wape maji kabla ya kupanda, kwa sababu wakishapanda hawanywi: wanaogopa kuachia hatamu. Suruali ndefu nyepesi, viatu vyenye kisigino kidogo, helmeti kwa kila kichwa. Mwenye mtandio aukunje ndani, usipepee usoni mwa farasi wa nyuma.

Na mafunzo yote, namna ya kushika, kusimamisha, kugeuza, yafanyike chini ya mwembe watu wakiwa wamesimama kwa miguu yao. Nimeona viongozi wakihutubia robo saa nzima wageni wakiwa tayari juu ya farasi juani. Farasi ameshaanza kutoa jasho na msafara haujaondoka.

Hatua ya 4: Mstari

Aliye dhaifu kuliko wote anakaa nyuma yako, si mwisho. Mwisho anakaa msaidizi anayejua kazi. Katikati panga farasi wanaopatana, urefu wa farasi mmoja kati yao. Joto na nzi vinawafanya wawe na hasira za karibu, na teke huanzia pale mmoja anapobanwa nyuma. Farasi anayembeba mtoto afungwe kamba ya kuongozea, na dakika 20 zinamtosha mtoto.

Hatua ya 5: Mwendo

Hatua za kawaida tu. Mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo za farasi, hapana; shoti, mbio za kasi, usiitaje kabisa. Kila dakika 15 simama mahali penye upepo, elekeza farasi upepo uwapige ubavuni, wageni wanywe. Kivuli kisicho na upepo, kama ndani ya mikoko au minazi iliyosongamana, ni kibaya kuliko ufuko wenye upepo. Wengi hawanikubalii hapa mpaka waone farasi anavyohema akiingizwa mikokoni.

Usiahidi Kaole. Magofu yako kama kilomita 5 kusini mwa mji, karibu saa nzima ya kutembea kwa farasi kwenda tu. Kwa wanaoanza, geuza baada ya nusu saa popote mlipofika. Magofu yamekaa pale tangu karne ya 13, wakaenda kuyatazama kwa bajaji mchana.

Mkipita mbele ya soko la samaki, angalia kamba za nanga za mashua na ngalawa zilizolala mchangani. Farasi mwenye uchovu haziinulii miguu.

Kuingia majini hadi magotini ni burudani, ila mambo mawili. Anayeanza asitazame wimbi linalorudi, atapata kizunguzungu. Atazame masikio ya farasi. La pili: farasi akisimama na kuanza kupiga maji kwa kwato ya mbele, pu, pu, pu, hachezi. Anataka kulala agaagae, na mgeni yuko juu. Mwambie mgeni apige visigino na asonge mbele hapo hapo, au umvute wewe.

Hatua ya 6: Dalili

Kwa mtu: mgeni aliyekuwa mcheshi amenyamaza. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza na ndiyo inayopuuzwa. Zinafuata kichwa kuuma, kichefuchefu, vipele vya baridi mikononi juani. Mshushe, mlaze kivulini, mmwagie maji, mpepee. Akianza kuongea yasiyoeleweka, usimnyweshe kitu. Endelea kumpooza huku mkimkimbiza hospitali.

Kwa farasi: pua zimetanuka, anajikwaa, haitiki, anahema na hapunguzi mkisimama. Weka kiganja nyuma ya kiwiko chake cha kushoto, hesabu mapigo sekunde 15, zidisha kwa 4. Akiwa ametulia nyumbani ni 28 hadi 44. Baada ya dakika 10 za kupumzika yawe chini ya 60. Yakiwa bado 64 au zaidi, safari imekwisha. Mgeni ashuke, mrudi kwa miguu taratibu.

Hatua ya 7: Kurudi

Robo saa ya mwisho legeza mkanda wa tumbo tundu moja. Mkifika, tandiko chini, kivulini penye upepo, mwage maji mwili mzima: shingo, kifua, mgongo, mapaja. Endelea kumwaga mfululizo bila kusimama kufuta, mpaka pumzi itulie. Kitambaa kilicholowa usimwachie mgongoni, kinahifadhi joto. Kipima joto cha njia ya haja kubwa kikae kwenye sanduku: kawaida ni 37.5 hadi 38.5, ikifika 40 ongeza bidii na umpigie daktari wa mifugo, 41 ni hatari ya maisha. Aliyeingia baharini aoshwe maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo mkanda utamchubua kesho.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzee, Bagamoyo: Sisi tulifundishwa farasi wa moto hanyweshwi maji wala hamwagiwi ya baridi, atapata tumbo na misuli itakaza. Leo mnasema mwageni?

Shikamoo mzee. Ndivyo walivyofundishwa wengi duniani. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 wataalamu walihofia joto na unyevu wa kule, wakalichunguza jambo hili, wakaona maji ya baridi yanawapooza farasi bila kuwadhuru. Anywe, amwagiwe. Cha kusubiri ni pumba. Hiyo apewe akishapoa.

Dada, Pangani: Nina farasi mmoja wenzake wakiloa yeye mkavu. Nilidhani ni imara.

Pole dada, huyo ni mgonjwa. Wapo farasi wanaopoteza uwezo wa kutoa jasho wakikaa sehemu za joto na unyevu. Ngozi inakuwa kavu na ya moto, anahema kwa kazi ndogo. Msimu huu asibebe mtu, apate kivuli na kumwagiwa maji, na daktari amwone.

Kaka, Tanga mjini: Mgeni wa kilo 100, farasi wangu ana 450. Inakuwaje?

Kiwango kinachotumika sana ni asilimia 20 ya uzito wa farasi, pamoja na tandiko. Kwako ni kilo 90, na tandiko lenyewe limo humo. Hapiti. Kwa anayeanza, kwenye kaskazi, mimi nashuka hadi asilimia 15. Mwambie kwa adabu atembee na wewe ufukweni akimshika farasi. Wengine wanafurahia hilo zaidi.

Dada, Raskazone: Ramadhani ikiangukia kaskazi, waliofunga wanataka kupanda jioni kusubiri futari. Niwakubalie?

Jioni mtu ana zaidi ya saa kumi bila tone. Wapangie macheo, daku bado liko tumboni, nusu saa tu na farasi mpole. Akisikia kizunguzungu anashuka, hakuna kubembelezana.

Kijana, Bagamoyo: Macheo si ndiyo saa ya visubi? Nasikia wanaleta ugonjwa unaoua farasi.

Kweli, ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huenezwa na visubi, na wanauma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Ndiyo maana tunatoka jua likishachomoza, si kabla. Usiku banda liwe na wavu mwembamba, farasi wapakwe dawa ya kufukuza wadudu, na mambo ya chanjo panga na daktari wa mifugo wa wilaya. Ukielekea upande wa Saadani ongeza na mbung'o. Huko wageni wangu siwapeleki kabisa.